Hewa Tumboni, na Daktari Anasema "Tungoje"

Brathe yangu ni mtu wa boda. Mgongo ulikuwa unamsumbua, basi kwa miezi akawa anameza dawa za maumivu za chemisti kila asubuhi, tumbo tupu. Usiku mmoja akaamka amejikunja, anasema ni kama amedungwa kisu juu ya kitovu.

Hospitali wakampiga eksirei ya kifua akiwa ameketi wima. Daktari akatuonyesha kamstari keusi juu ya ini. Hiyo ni hewa. Inafaa ikae ndani ya utumbo, si nje. Ikiwa nje, kuna mahali pametoboka, na kwake ilikuwa kidonda cha tumbo.

Mimi nikajua ni kisu tu. Nilikuwa nishaanza kuandika ujumbe wa mchango kwa grupu ya familia. Halafu daktari akasema tungoje.

Manze, madhe aliwaka! "Daktari, unamwacha mwanangu juu hatuna pesa?" Na sitamcheka, juu hata mimi niliwaza hivyo. Maskini akiambiwa angoje, kawaida ni kusahaulika.

Lakini huyu hakusahaulika. "Mama, tumbo lake bado ni laini na presha iko sawa," daktari akasema. "Tumempa dawa ya picha na haijavuja. Tundu limejiziba." Kumbe mafuta yaliyo tumboni yanaweza kujibandika pale kama kiraka. Brathe hakuonja hata maji. Mpira wa puani ulikuwa unanyonya vitu vya tumboni, dripu mkononi, antibayotiki, na dawa ya kupunguza asidi kwa mshipa. Kila baada ya saa chache daktari alikuja kumpapasa tumbo. Thieta ilikuwa imeambiwa ikae tayari.

Baadaye nilisoma. Hong Kong, mwaka wa 1989, madaktari walichapisha utafiti wa wagonjwa 83 wa aina hii. 40 walitibiwa bila kupasuliwa kwanza, na 11 kati yao hawakupata nafuu baada ya saa 12, wakapelekwa thieta. Wenye zaidi ya miaka 70 ndio njia hii iliwashinda zaidi. Kwa hivyo usikae kwa nyumba na maumivu ya kisu ati pia wewe unangoja. Huku kungoja kunafanywa kitandani hospitalini, daktari wa upasuaji akiwa karibu.

Shida yangu na yule daktari ni moja tu: hayo maelezo alitupa baada ya madhe kupiga kelele. Angeanza nayo.

Siku ya brathe kunywa uji, madhe alikuwa bado na swali. "Na ile hewa ilitokea wapi?" Daktari akamwambia haitoki popote, mwili unaifyonza polepole. Madhe akamtazama tu, akaendelea kupoza uji.