Shilingi 50 za Kalamu

Matatu ya nambari 46 itokayo katikati ya jiji la Nairobi hupitia Hurlingham na Yaya, ikaingia katika msongamano wa mikokoteni na mitumba, na hatimaye ikageukia mbele ya vibanda vya wauza mboga. Mahali hapo pa kugeukia ndipo panapoitwa Kawangware 46. Mpenzi msomaji, huenda ukastaajabu kwamba watu wameridhia mtaa wao uitwe kwa nambari ya gari. Sisi tuliolelewa hapo hatuoni ajabu. Wenzetu wa Kawangware 56 nao wana nambari yao, na wanaionea fahari kama sisi tunavyoionea yetu.

Mama yangu alinisomesha kwa kufua nguo. Kila alfajiri alishika Barabara ya Gitanga kwa miguu hadi Lavington, akaketi na wanawake wenzake kando ya njia kungoja kuitwa na wenye majumba. Siku aliyoitwa alirudi akisema, “Leo nimepata kibarua.” Siku ambayo hakuitwa hakusema neno, aliteleka chai ya rangi, nasi tukajua. Kwa hiyo neno kibarua nililifahamu tangu utotoni kama mtu afahamuvyo jina la chakula.

Nilipojiunga na chuo kikuu kusomea Kiswahili na ualimu, mhadhiri wetu wa semantiki alituonyesha neno hilo hilo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Kibarua ni barua ndogo. Kilikuwa kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, akakirudisha jioni ili apokee ujira wake. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu aliyeishika, kisha likaihamia kazi yenyewe. Darasani tulifurahia mfano huo wa upanuzi wa maana, tukaunakili, tukaendelea na mada nyingine. Haikunipitikia kwamba siku moja ningekuwa mimi ndiye mtoaji wa vikaratasi.

Mwezi Machi 2020, kutokana na ugonjwa wa Uviko-19, vyuo vilifungwa nami nikarudi nyumbani. Wenye majumba wa Lavington walifunga malango kwa hofu ya maambukizi, na Mama akakaa miezi mitatu bila kuitwa hata mara moja. Ndipo mpango wa serikali wa Kazi Mtaani ulipotufikia. Awamu ya kwanza, iliyoanza mwishoni mwa Aprili, ilikuwa ya mitaa michache, Kibera ikiwa miongoni mwayo. Awamu ya pili ilianza Julai na kuwachukua vijana zaidi ya 270,000 nchini kote, wenye umri kati ya miaka 18 na 35. Ujira ulikuwa shilingi 455 kwa siku, siku 11 kwa mwezi, kwa zamu, na fedha zililetwa kwa M-Pesa. Msimamizi alilipwa shilingi 505. Wazee wa nyumba kumi walipouliza ni nani awezaye kuandika majina bila kuyakosea, watu walinielekeza kidole. Basi nikawa msimamizi. Wenzangu walishika majembe, mabeleshi na reki, mimi nikashika daftari la mahudhurio na kalamu. Tofauti ya ujira wetu ilikuwa shilingi 50, na hizo ndizo fedha za kwanza maishani mwangu nilizolipwa kwa ajili ya kuandika.

Waama, nililipenda lile daftari. Nililipigia mistari kwa rula, nikayapanga majina kwa alfabeti, nikawa nakataa katakata kuandika jina la utani. Sisi wasimamizi wa eneo letu tuliafikiana kwamba saa mbili kamili asubuhi orodha inafungwa, na asiyekuwapo amekosa siku. Niliona fahari kwamba orodha yangu haikuwa na doa. Msomi akipewa mamlaka madogo huyatumia kikamilifu, hata nami sikujitofautisha.

Katika kundi langu alikuwamo kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa maji. Marufuku ya kutoka nje usiku ilikuwa ikikoma saa kumi alfajiri, na saa hiyo hiyo yeye alikuwa bombani akijaza mitungi ya lita 20 aipeleke kwenye vibanda vya chakula. Akimaliza, hukimbia kuja kazini. Siku moja ya Agosti gurudumu la mkokoteni lilimharibikia, akafika saa mbili na dakika 20 huku akihema. Nilikwisha kufunga orodha. Mbele ya jina lake palikuwa na alama ya kutokuwapo. Hakuuliza chochote. Alichukua beleshi akaingia mtaroni pamoja na wenzake.

Mtaro ule ulikuwa umezibwa na taka za miaka mingi: mifuko, matambara, maganda, na mengine ambayo adabu ya jarida hili hairuhusu kuyataja. Yeye ndiye aliyeingia sehemu yenye kina kirefu, ambako uchafu ulimfika kiunoni. Nilisimama juu ukingoni nikamwona akifanya kazi hadi muda ulipokwisha, ilhali daftari lililokuwa kwapani mwangu lilisema hakuja. Ningeweza kufuta, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi. Sikufuta, kwa sababu ukurasa ungechafuka.

Fedha zilipoingia, zake zilipungua kwa siku moja. Kodi ya chumba chake ilikuwa imepelea mia nne na ushei, na mwenye nyumba akatia kufuli mlangoni. Siku mbili yeye, mkewe na mtoto wao mchanga walilala kwa dada yake huko Gatina. Nilizipata habari hizo kutoka kwa Mama, si kutoka kwake. Yeye alinijia baadaye, akasema kwa upole uliouma kuliko matusi: “Mwalimu, siku ile nilifanya kazi. Wewe ukaandika sikuja. Sasa ni nani ataaminiwa?”

Usiku ule nililikumbuka somo la semantiki. Kikaratasi cha mfanyakazi kina ukoo mrefu katika nchi yetu, na si ukoo wa kujivunia. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1919, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kasha la chuma. Mwajiri aliandika humo kiwango cha mshahara na siku ya kuachana naye. Asiyetiwa sahihi alihesabiwa mtoro, hata awe amefanya kazi kiasi gani. Harry Thuku alikipinga kipande pamoja na kodi na dhuluma nyingine, akakamatwa, na mnamo Machi 1922 watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Sithubutu kulilinganisha daftari langu na kipande; kufanya hivyo ni kuwakosea adabu marehemu. Nasema tu kwamba nililitambua jambo lile nilipoliona: karatasi inapokinzana na mwili wa mtu aliyelowa matope, karatasi ndiyo husadikiwa.

Wapo wasomi wenzangu wanaoidharau mipango ya namna hii, wakisema ni kuwafagilisha vijana barabara ili wasahau njaa. Siafikiani nao kikamilifu. Mwenye kulidharau neno “shilingi 455” hajawahi kumwona mama yake akipima unga kwa kikombe cha chai. Mwaka ule fedha hizo zilinunua unga, mafuta ya taa na dawa, na zilifika moja kwa moja kwenye simu ya aliyezitolea jasho. Hilo si dogo.

Lawama yangu ni nyingine. Mipango huja na kuondoka. Mwaka 2009, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, serikali ya mseto ilianzisha Kazi kwa Vijana. Kaka zetu wakachimba mitaro na kufyeka vichaka, kisha ikaisha. Kazi Mtaani ilipofika kikomo, mitaro mingine ilikuwa imeanza kuziba tena. Mwaka 2024 ukaja mpango wa Climate WorX, vijana wakateremshwa kusafisha kingo za Mto Nairobi. Kila mara kuna jina jipya, lakini beleshi ni lile lile, na kijana aliyetoka katika mpango wa kwanza huingia wa pili kana kwamba hajawahi kufanya kazi maishani mwake. Haki itendeke: ulikuwapo pia mradi wa KYEOP, ulioanza 2016 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambao uliwapeleka vijana wasio na kazi darasani na kwa mafundi wajifunze. Huo nausifu. Lakini wengi wa mtaani mwangu walijifunza mtaroni, na hakuna aliyeshuka humo kuwapima.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyoufanya ulimwengu utambue kwamba watu wa vibandani na wa jua kali si watu wasio na kazi. Wanafanya kazi sana, ila hawaonekani katika hesabu za serikali. Zaidi ya nusu karne imepita. Leo zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi 10 nchini mwetu wamo katika sekta hiyo isiyo rasmi, na bado mtu huulizwa karatasi yake kabla ya kuulizwa anajua kufanya nini.

Yule kijana wa mkokoteni aliulizwa. Katika miezi ya mwisho ya awamu ya pili, kundi letu lilijenga kingo za mtaro kwa mawe. Yeye alijifunza kuchanganya saruji, kupima kwa timazi na kupiga plasta, kwa kumtazama fundi mzee aliyekuwa miongoni mwetu. Mpango ulipokwisha alikwenda kwenye mjengo mmoja upande wa Kilimani kuomba nafasi ya ufundi. Msimamizi wa pale akamwambia alete barua ya mahali alipofanya kazi, au cheti cha majaribio ya ufundi. Kwa kukosa vyote viwili, akapewa karai abebe zege. Alirudi kuwa kibarua.

Jioni moja akabisha mlangoni petu. Mama alimkaribisha, akamtilia chai. Akasema, “Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa na daftari. Niandikie barua.”

Nilimweleza ukweli kwamba mimi sina cheo, sina muhuri, wala sahihi yangu haimtishi mtu yeyote huko Kilimani. Nikamweleza pia kwamba Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hufanya majaribio ya ufundi, kuanzia daraja la tatu, na kwamba mtu aliyejifunzia kazini anaweza kufanya jaribio hilo akalipata daraja lake. Alisikiliza yote. Kisha akauliza ada, nikamtajia, akatazama kikombe chake. “Hiyo nitaitafuta,” akasema. “Kwa sasa niandikie hiyo nyingine.”

Nikaiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kuitolea ushahidi bila kutetereka. Nilitaja mtaro, urefu wake, mawe, saruji, plasta. Nilikataa kuandika neno kibarua, nikaandika mwashi. Nilipofika mahali pa kutaja idadi ya siku alizofanya kazi, nilitoa sandukuni nakala yangu ya daftari, ile safi isiyo na doa, nikahesabu alama moja baada ya nyingine. Zilikuwa 63.

“Sitini na nne,” akasema.

Nikahesabu tena, nikapata 63. Naye hakubishana. Alikaa tu na kikombe chake mkononi, akanitazama. Mama, aliyekuwa akikunja nguo za watu pembeni, alisita kukunja. Nikafungua ukurasa wa Agosti, nikalitafuta jina lake, nikaikata ile alama kwa wino mweusi na kuandika juu yake, hata ukurasa ukachafuka. Kisha nikairudia barua, nikaandika: siku 64.