Tuliombea stendi, hatukuiwekea uzito

Leo sina mahubiri. Leo nina paipu.

Miezi michache iliyopita nilihubiri juu ya yule mjane wa siku za Elisha, aliyebaki na mafuta kidogo tu ndani ya nyumba huku mdai akitaka kumchukulia watoto wake. Mliokuwepo mnakumbuka jinsi nilivyorukaruka siku ile. Nikawaambia kila mmoja aanze na kile alicho nacho. Mkapiga makofi, mkasema amina, tukaenda nyumbani kula.

Jumatatu asubuhi dada mmoja wa hapa kanisani akanipigia simu. Ameniruhusu niandike haya mradi nisimtaje jina. Alikuwa ameachishwa kazi mwezi uliotangulia. Akaniambia, "Pasta, nimeamka nikahesabu. Nina simu yenye kamera nzuri. Nina dirisha kubwa. Nina chumba cha futi kumi kwa kumi, na ukuta wa bluu unaobambuka rangi. Watu wa ploti wananiomba niwapigie watoto wao picha, na picha za pasipoti. Lakini stendi ya kutundikia kitambaa nyuma ya mtu nimetajiwa shilingi 6,500, na kodi sijalipa. Sasa hapo ninaanza na nini?"

Nikanyamaza. Mpendwa, "anza na ulicho nacho" ni neno tamu sana ukiwa umeshika maikrofoni. Mtu akikuuliza Jumatatu, akiwa na karatasi ya hesabu mkononi, unatafuta pa kujificha.

Lakini wengi wenu hamjui kwamba kabla ya kuingia kwenye huduma nilikuwa msaidizi wa fundi wa mifereji. Nimebeba paipu begani kuliko nilivyobeba Biblia. Nikamwambia, "Dada, tukutane hadiwea saa nane."

Najua kuna mtu atauliza kwa nini asipigilie tu misumari miwili ukutani. Ukuta wa mawe unakunja msumari wa kawaida, na mwenye ploti alishasema tundu moja ukutani linakatwa kwenye depoziti. Alikuwa amejaribu kufunga kitambaa kwenye waya wa pazia, ukalegea katikati kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba.

Tulinunua paipu mbili za plastiki za inchi moja na nusu, zile za maji machafu, kila moja mita sita. Elbo mbili, tii mbili, gundi kopo dogo, na vile vibanio vikubwa vya plastiki vyenye springi. Kitambaa cha kijivu alikitafuta mwenyewe kwenye mitumba, upana wa mita moja na nusu, urefu wa mita tatu. Yote pamoja, shilingi 2,000 na chenji ya kuhesabu. Nusu nilitoa mimi, nusu akatoa yeye, na alikataa kabisa nitoe zote.

Tukakata nguzo mbili za futi saba kila moja. Paipu ya juu futi sita. Kwa kila nguzo, tii chini, na vipande viwili vya sentimita 30 vinavyotoka mbele na nyuma kama miguu. Elbo juu, paipu ya kulala katikati, imekwisha. Kama una kijana nyumbani anayetaka kujaribu, mwambie gundi ipakwe kwenye miguu tu. Huko juu viungo viachwe vikavu, kila kimoja kitobolewe tundu dogo na kupitishwa msumari kama kipini, ili stendi ifunguliwe jioni na kulala chini ya kitanda. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakina nafasi ya kuwa studio usiku.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma.

Tulipoisimamisha, yeye aliitikisa kwa kidole, ikayumba. Akaniuliza, "Pasta, hii haitaanguka?" Zilikuwa zimebaki zaidi ya mita nne za paipu pale sakafuni. Ningeweza kuongeza miguu. Lakini ilikuwa karibu saa kumi na mbili, nilikuwa na ibada ya jioni, na nilitaka kuona kazi imekamilika. Nikaweka mkono juu ya ile paipu, nikaiombea, nikambariki yeye na kazi ya mikono yake. Nikamwambia, "Haianguki. Tumeshaiombea."

Jumamosi akaja mteja wake wa kwanza, nyanya mmoja na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Wakaketi vizuri. Picha tatu, nne, mtoto anacheka. Ya tano, mtoto akageuka, akashika kitambaa kwa mikono miwili, akavuta. Kitambaa kilikuwa kimeshonwa juu kama pazia, paipu imepita ndani ya mkunjo, kwa hivyo hakikuteleza. Stendi nzima ikaja mbele.

Dada yetu aliiachia simu ili amshike mtoto.

Paipu ya plastiki ni nyepesi. Nyanya iligonga bega lake tu, akasema hakuumia, na mtoto akadhani ni mchezo. Lakini simu ilipiga sakafu ya simiti kwa uso. Ile simu ndiyo kamera, ndiyo duka, ndiyo kila kitu.

Akanipigia kwa simu ya jirani. Na mimi, mtumishi wa Mungu, unajua nilifanya nini? Nilianza kukemea. Nikamkemea adui anayepigana na kazi ya mikono ya watoto wa Mungu, nikapandisha sauti. Akanisubiri kwa heshima mpaka nikavuta pumzi. Kisha akasema polepole, "Pasta, si adui. Ni miguu, ni mifupi."

Nilienda kukaa peke yangu nikafanya hesabu ambayo ningeifanya siku ile pale chumbani. Stendi na kitambaa chake ilikuwa kama kilo nne. Miguu inatoka sentimita 30 tu mbele ya nguzo. Juu kabisa ni zaidi ya mita mbili. Ukivuta kule juu kuelekea mbele, nguvu ya kuiangusha ni zaidi kidogo ya ile ya kuinua nusu kilo ya sukari. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana nguvu mara kadhaa ya hiyo. Hata upepo wa mlango ungetosha, maana kitambaa kikubwa ni tanga.

Na mimi nimefundisha habari za hema la kukutania kwa miaka. Pazia nimelihubiri, dhahabu nimeihubiri, rangi za nyuzi nimezihubiri. Zile sehemu za vikalio vya fedha na vya shaba chini ya nguzo, na vigingi vya ua, huwa naziruka ili watu wasisinzie. Kumbe pale kila pazia lililotundikwa lilikuwa na kitu kizito chini ya nguzo yake.

Kioo cha simu kilikuwa shilingi 3,500, zaidi ya stendi yenyewe. Nililipa mimi. Sikuandikii hili ili uandike "Mungu akubariki Pasta" huko chini. Aliuliza swali zuri, nami nikamjibu kwa maombi mahali palipotakiwa kipimo. Lile lilikuwa deni.

Jumatatu nikarudi na msumeno. Miguu tukaifanya sentimita 45 mbele na 45 nyuma. Tukaongeza tii mbili na paipu ya kulala karibu na chini, kuunganisha nguzo mbili zisitanuke. Paipu zile zilizobaki zilitosha. Nikasema sasa tutafute mchanga na mifuko. Akaangalia pembeni ya mlango, akacheka. "Pasta, mitungi si ninayo?"

Mitungi miwili ya lita tano alikuwa nayo, ya maji ya kupikia. Miwili mingine akaazima kwa jirani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo minne ikijaa ni kilo 20 bila kununua chochote. Inakaa kwenye miguu ya nyuma, mmoja kila upande wa paipu, mikono yake imefungwa pamoja kwa kamba iliyokazwa juu ya mguu. Kamba ikilegea hakuna kazi; mguu utainuka na mitungi itabaki inakutazama. Ikikazwa, stendi haiwezi kuinamia mbele bila kuibeba mitungi. Nilipiga hesabu tena: sasa inataka mvuto wa karibu kilo nane. Nyuma yake kuna ukuta, futi moja tu, kwa hivyo ikirudi nyuma inaegemea.

Na ule mkunjo wa pazia akaufumua. Sasa kitambaa kinashikwa na vibanio tu, vitatu juu na viwili kila upande kukinyoosha. Hili ni wazo lake, mimi halikunijia. Mtoto akivuta, vibanio vinaachia na kitambaa kinashuka peke yake. Afadhali kitambaa kianguke kuliko stendi.

Kuna ndugu mmoja aliposikia habari hii akajenga yake ya futi kumi na mbili ili apige picha za kwaya nzima. Ikabonyea katikati kama bembea. Ndugu yangu, paipu ileile na kitambaa kilekile, ukiongeza urefu mara mbili, kulegea hakuwi mara mbili. Ni mara kumi na sita. Kwa upana huo weka nguzo ya tatu katikati, au pitisha bomba la chuma ndani ya ile ya plastiki. Kwaya yetu ni kubwa lakini si lazima iingie chumbani.

Dada zetu wawili wameniuliza kuhusu mwanga, na mimi si mpiga picha, nasema nilichoona. Kitanda kinasimamishwa ukutani asubuhi. Mteja anakaa futi tatu hadi nne mbele ya kitambaa, asikiegemee, ili kivuli chake kianguke sakafuni na mikunjo ya kitambaa ififie. Dirisha linakuwa ubavuni. Upande wa pili anasimamisha karatasi kubwa nyeupe ya manila juu ya kiti, inarudisha mwanga kidogo kwenye shavu lililo gizani. Taa ya dari anaizima, kwa sababu rangi yake inagombana na ya dirisha.

Kitambaa cheupe anakitoa kwa picha za pasipoti tu. Simu ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wetu mweusi unazama. Yeye anagusa uso wa mtu pale kwenye kioo cha simu, anashikilia hadi ijifunge hapo, kisha anapandisha mwanga kidogo. Weupe unarudi kuwa weupe na mtu anaonekana alivyoumbwa. Kwa picha nyingine zote anatumia kile cha kijivu. Nimeona picha ya mzee mmoja wa kanisa mbele ya kijivu kile, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba yule mzee ana macho ya kahawia.

Yule nyanya alirudi. Hili lilinigusa kuliko yote. Dada alimpigia kumrudishia pesa, naye akasema hataki pesa, anataka picha. Akaja na mjukuu uleule wa kuvuta vitu. Mtoto akavuta tena, vibanio viwili vikaruka, kitambaa kikamfunika kichwa, stendi ikasimama palepale. Picha iliyopendwa kuliko zote ni hiyo: mtoto anachungulia chini ya kitambaa, na nyanya ameshika kifua kwa kicheko. Imetundikwa kwa nyanya sebuleni.

Kodi ya mwezi ule alilipa kwa kuchelewa siku tisa. Ya mwezi uliofuata alilipa tarehe tano.

Mimi nami nimepangiwa Jumamosi hii saa nne asubuhi, maana picha yangu hapo juu ni ya tangu nikiwa na nywele. Ameniambia nisivae ile suti ya kijivu, nitapotea kwenye kitambaa. Na nikipitia kibanda cha maji nimbebee mitungi miwili iliyojaa, kwa sababu mifereji imekauka tangu Alhamisi na ile ya kwenye stendi ameipikia.