Hisani Haiozi

Kuanzia Januari 2016 Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikafuta ya kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo, hapa Kiseke sare na madaftari bado humwelemea mzazi auzaye dagaa. Vikundi vya hisani vya mtaani huziba pengo hilo, nami navishukuru.

Ila mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, hukerwa na neno moja: "mfadhiliwa". Mtoto aitwaye hivyo mbele ya wenzake huvishwa viatu, akavuliwa heshima. Wahenga walinena kuwa hisani haiozi. Naongeza kuwa haipigiwi mbiu. Kikundini kwetu tumekubaliana kumwita "mwanafunzi", basi. Jina hilo ni haki yake, hata akiwa pekupeku.