Kijana Aliyeomba Hesabu Yake

Mtu akichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya msikiti hudhani kwamba kazi yake itakuwa kuandika mihutasari na kutunza stakabadhi za ujenzi. Hapa Mwanga, mjini Kigoma, nimeona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwasikiliza wazazi. Huja baada ya swala ya Isha, watu wakishatawanyika, na wengi wao huanza kwa maneno yale yale: kijana wangu hana adabu. Ukiuliza amefanya nini huyo kijana, ni nadra kusikia habari ya matusi au wizi. Mara nyingi utaambiwa kwamba amejibu, ameuliza, au amekataa jambo fulani mbele za watu.

Sibezi malalamiko hayo. Heshima kwa wakubwa ni nguzo ya nyumba zetu. Bibi wa Kiha hasalimiwi mbiombio huku mtu anaondoka. Husimamiwa, akaulizwa habari za nyumbani na za shamba, ndipo ukaenda zako. (Mjadala wa shikamoo, kama yamfaa Muislamu au haimfai, nauacha kwa masheikh. Nina yakini tu kwamba mtoto anayempita mzee bila salamu yoyote hajafundishwa.) Lakini adabu ni jambo moja na ukimya ni jambo jingine, nami nachelea kwamba tumekuwa tukifundisha la pili kwa jina la lile la kwanza.

Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo hadithi ya Sahl bin Saad (radhi za Allah ziwe juu yake). Mtume (rehema na amani zimshukie) aliletewa kinywaji akanywa. Kuliani kwake alikuwa ameketi mtoto, na kushotoni walikuwapo wazee. Zamu ilikuwa ya aliye kulia. Mtume akamwomba mtoto yule ruhusa ili awape wazee kwanza, na mtoto akakataa, kwa kuwa hakuwa tayari kumwachia yeyote fungu lake linalotoka kwa Mtume. Kinywaji kikatiwa mkononi mwake. Nilipoisoma mara ya kwanza chuoni nilistaajabia ujasiri wa yule mtoto. Siku hizi, kwa kuwa naketi na wazee kila mwezi, nastaajabia zaidi lile ombi la ruhusa.

Nitaeleza kisa kimoja cha mtaani kwetu. Wahusika wameridhia kisimuliwe, maadamu majina yao hayatajwi.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawakumbuki kwamba mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Yalikuwa ni makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kwetu sisi jambo hilo liliingia hadi jikoni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mvuvi amezoea kupumzika siku chache za mbalamwezi, mwezi ukiwa mpevu na taa hazina tena nguvu ya kuwavuta. Kila mtu huzipangia siku hizo. Lakini miezi mitatu si mbalamwezi. Mwalo wa Kibirizi ukanyamaza, chanja za kuanikia zikabaki tupu, na baraza za Mwanga zikajaa vijana wenye afya wasio na pa kwenda.

Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 19, aliyeanza kwenda ziwani akiwa na miaka 15 katika kipe cha mjomba wake. Vijana wa vyombo hivi hawalipwi mshahara. Mapato ya usiku hutolewa kwanza gharama za mafuta na matengenezo, mwenye chombo huchukua fungu lake, na kinachobaki ndicho wanachogawana wavuvi. Fungu la kijana huyu lilikuwa likibaki kwa mjomba, akimtunzia hadi siku ya kuoa. Alivishwa, alilishwa, na sikukuu ya Idi alipewa cha kutumia. Ziwa lilipofungwa akamwendea mjomba wake na kumwuliza: fungu langu la miaka minne limefika kiasi gani?

Mjomba alikuwa mlangoni kwangu usiku ule ule. Malalamiko yake yalikuwa kwamba mtoto aliyemlea kama wake amemdai kama mtu baki.

Tuliwaita wote wawili. Wazee wetu wa kamati walitaka kijana aombe radhi kwanza, mengine yafuate. Imamu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwuliza mjomba swali moja tu: yameandikwa? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana madeni, na hakuna mtu pale ambaye hakuijua. Hayakuwa yameandikwa. Ikabidi mjomba ahesabu kwa kukumbuka, na katika kukumbuka kwake ndipo lilipotoka jambo ambalo kijana hakuwahi kuambiwa: sehemu kubwa ya akiba ile ilitumika mwaka uliopita kumtibu mama yake. Mjomba aliificha habari hiyo kwa heshima ya dada yake. Naamini alikusudia wema. Lakini fikiri, ndugu msomaji, kijana amemtibu mama yake mzazi kwa jasho lake mwenyewe, na hakupewa hata nafasi ya kulijua hilo, sembuse kuamua.

Kijana aliisamehe sehemu ile yote pale pale. Akaomba radhi kwa sauti yake kupanda siku ya ugomvi. Kwa kuuliza hakuomba radhi, na Imamu hakumtaka afanye hivyo. Kilichobaki kikaandikwa, kilipwe ziwa likifunguliwa.

Usiku ule nilipofika nyumbani nilifungua Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi waliosoma fiqhi ya Kishafii katika nchi zetu wamekipitia, nikaenda kwenye mlango wa hajri, yaani kumzuilia mtu asiendeshe mali yake. Asili ya maneno ni aya ya 6 ya Suratun Nisaa, inayowaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao rushdi, yaani kuongoka katika dini yao na katika kusimamia mali, wawakabidhi kilicho chao. Mafakihi hawakuliacha neno hilo la kujaribu likaelea hewani. Wanasema mtoto wa mfanyabiashara ajaribiwe kwa kununua, kuuza na kupatana bei. Mtoto wa mkulima kwa kusimamia shamba na matumizi ya vibarua. Wa fundi kwa ufundi wao. Msichana kwa kazi za uzi na pamba, na kukilinda chakula na paka. Na jaribio moja halitoshi, lazima lirudiwe mara mbili au zaidi. Tena kauli yenye nguvu ni kwamba wakati wake ni kabla ya kubaleghe, sio baada.

Kijana wetu alikuwa ameshika nyavu miaka minne na hajashika hesabu hata siku moja. Kazi alijifunza, mtihani hakupewa. Siku moja angekabidhiwa mke, watoto na fedha zote kwa pamoja, na akiziharibu tungesema vijana wa leo hawana akili ya maisha. Ikiwa yatima anastahiki kujaribiwa kwa mali ya kweli, sioni kwa nini asistahiki mwenye mjomba.

Chuoni tulipofika kwenye yule paka tulicheka. Sicheki tena. Nenda Kibirizi wakati wa jua kali uwatazame wasichana wanaolinda dagaa, wanavyofukuza kunguru na kuku huku jicho moja liko kwenye mawingu, maana dagaa wakinyeshewa bei yao huanguka. Wengi wao hufaulu jaribio hilo kila siku. Mzigo ukilowa, msichana ndiye wa kulaumiwa. Mzigo ukiuzwa vizuri, fedha huhesabiwa na mtu mwingine ndani, naye yupo nje anakunja turubai. Aya ya 32 ya sura hiyo hiyo ya An-Nisaa imewathibitishia wanaume fungu katika walichokichuma na wanawake fungu katika walichokichuma. Baba anayechukua pesa za vitumbua vya binti yake bila kumwuliza, akaziita pesa za nyumba, na aisome polepole. Najua atanijibu kwa ile hadithi kwamba mtoto na mali yake ni vya baba yake. Wanazuoni wengi wameiwekea mpaka, nao ni haja ya baba, tena haja ya kweli.

Turudi kwa kijana. Suluhu ilikuwa imepatikana, lakini ziwa lilikuwa bado limefungwa na deni halilipwi hadi Agosti. Wazee wakaona huruma, wakapendekeza apewe unga na mafuta ya mawese kutoka fungu la sadaka. Alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Nashukuru sana, wazee wangu," akasema. "Chakula cha wiki hii kipo nyumbani. Mimi naomba lile toroli."

Toroli lenyewe lilikuwa limeegemezwa ukutani tangu tulipomaliza kujenga mahali pa kutawadhia. Baadhi ya wazee walitazamana. Mimi nilimkumbuka Abdurrahman bin Auf (radhi za Allah ziwe juu yake) alipofika Madina akiwa mhajiri asiye na kitu. Saad bin Rabii alimpa nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka ndugu yake, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Akaanza na jibini na samli.

Kulitoa toroli hakukuwa kwepesi kama mtu anavyoweza kudhani. Lilinunuliwa kwa michango ya waumini kwa ajili ya msikiti, na katibu hana mamlaka ya kumneemesha mtu mmoja kwa mali ya wote. Tuliafikiana iwe ni ijara: shilingi 500 kwa kila siku atakayolitumia, ziingie mfuko wa msikiti. Mzee mmoja, kwa wema, alitaka msamaha wa wiki ya kwanza. Kijana ndiye aliyekataa. Alisema akisamehewa leo, kesho hataweza kuzungumza.

Siku ya tatu alinijia mama yake. Alikuwa ameona watu wakimtazama mwanawe akisukuma mizigo katika soko la Mwanga. "Ustadhi," akaniambia, "sikatai kazi. Lakini watasema ndugu zake wamemtupa." Nililichukua neno lake kwa uzito, maana aibu ya mama si jambo la kufanyia mzaha, na kwa kweli watu walikuwa wanasema. Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimwonyesha daftari: jina la mwanawe, tarehe tatu, na mwandiko wake mwenyewe kila jioni. Aliutazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakuniambia kwamba ameridhika, lakini hakurudi tena kwa jambo hilo.

Wiki ya nne tairi lilipasuka. Kamati ilibishana karibu saa nzima kuhusu nani alipe, na nafurahi kwamba ilibishana, kwa sababu kijana alikuwapo akasikia wakubwa wakitafuta haki badala ya kutafuta mkosaji. Hukumu iko wazi: aliyekodi ni mwaminifu, hadhamini kilichoharibika pasipo uzembe wake. Msikiti ukalipa. Kwa jumla daftari letu lina siku 52 zake, na shilingi 26,000 zilizolipwa bila ya kudaiwa hata mara moja.

Nisiwape picha ya upande mmoja. Kijana wa pili tuliyemkodisha, baada ya wa kwanza kurudi ziwani, alipotea na toroli siku tisa, na fedha ya kodi ikaishia kwenye kubeti. Toroli lilirudi, nusu ya deni imelipwa, nusu ingali inaandikwa. Wapo waliosema, si mnaona? Mimi naona kwamba huo ndio mtihani. Kama hakuna uwezekano wa kushindwa, basi hatujamjaribu mtu, tumemchezea. Na kwa kuwa mafakihi wameshurutisha kurudiwa, atapewa tena akimaliza kulipa. Si wote katika kamati wanaokubaliana nami.

Uvuvi ulipofunguliwa Agosti, taa zilionekana tena ziwani, na kijana wa kwanza akarudi katika kipe kile kile cha mjomba wake. Sasa hubeba daftari dogo lililofungwa kwa nailoni, na kila alfajiri mgawo ukimalizika huandika fungu lake kisha mjomba hutia saini. Mjomba amelipa deni la zamani kwa awamu mbili. Huninung'unikia kwamba siku hizi anafanya kazi na karani badala ya mpwa. Lakini nimesikia kwamba amewanunulia madaftari vijana wengine wawili wa chombo chake.

Kikao chetu cha mwezi ujao kina ajenda namba 4, niliyoiandika mimi kwa idhini ya mwenyekiti. Hesabu ya michango ya Ijumaa imekuwa ikifanywa na wazee watatu tangu kabla sijaingia katika kamati. Pendekezo ni kwamba ifanywe na wazee wawili na vijana wawili, na matokeo yasomwe mbele ya waumini na kijana. Mzee mmoja ninayemheshimu sana ameshaniambia kwamba atapinga. Nimemwomba alete hoja yake kikaoni, na vijana nimewaambia waje na yao.