Kwamsisi na Kwa Msisi

Orodha ya majina ya mahali, wilaya za Handeni na Korogwe, jina moja kila mstari. Niliichagua ya kujifunzia Python, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu haikuwa na jipya kwangu: Mkata, Kabuku, Segera, Mombo, majina niliyokua nikiyasikia kwa makondakta. Nikasoma faili, nikaitia mistari kwenye orodha, nikauliza kama Mombo imo. Haimo, ikajibu. Nami naiona kwa macho!

Nilikuja kuelewa taratibu, baada ya kuilaumu kompyuta sana, kwamba kila mstari husomwa pamoja na alama yake ya kushuka mstari, nayo haionekani. Mombo yenye mkia huo si Mombo. Dawa ni amri moja, strip, inayopangusa ncha za neno.

Kwamsisi haikupona kwa strip. Majina ya namna hiyo kwetu ni mengi: Kwamatuku, Kwedizinga, na upande wa Korogwe Kwagunda na Kwamndolwa. Wapo wanaoyatenganisha, wakaandika Kwa Msisi. Nilipoipanga orodha kialfabeti, Kwa Msisi iliruka mbele ya Kwagunda, maana kwa kompyuta nafasi tupu hutangulia herufi zote; Kwamsisi ikabaki chini huko, kana kwamba ni mahali pengine. Kufuta nafasi zote ni kazi ya mstari mmoja wa programu. Ila Korogwe Vijijini nayo ingeunganishwa, na sijui nani alinipa mamlaka ya kusahihisha jina la watu.

Nikajaribu seti, ambayo hubakiza moja tu la jina lililojirudia. Korogwe zilikuwa mbili, ikabaki moja, na orodha ikapendeza. Kumbe moja ilikuwa Halmashauri ya Mji, nyingine ya Wilaya, Handeni vilevile. Kule mashine ilitenganisha kitu kimoja kwa ajili ya nafasi tupu, huku ikaunganisha viwili kwa ajili ya jina. Na mara zote mbili ilifuata nilichoiagiza.

Siku hizi faili la asili silifungui kwa herufi w, kwa kuwa hiyo hufuta yote yaliyomo hata kabla hujaandika neno. Matokeo nayaandika kwenye faili la pili. Humo Kwamsisi na Kwa Msisi zote zimo, kila moja na namba ya mstari ilikotoka, na hesabu yangu ya maeneo inazidi kwa moja. Nimeiacha hivyo kwanza, mpaka nipate mwenyeji wa kumuuliza.