Zamu ya Maji

Msomaji wangu, bila shaka umepata kula tende. Ikiwa wakaa pwani, umeziona katika sahani ya futari kila mwezi wa Ramadhani. Ikiwa wakaa bara, umeziona dukani, zimeshindiliwa ndani ya karatasi. Mimi nilizaliwa Lamu, na babu yangu alikuwa akitusimulia jinsi majahazi ya Arabuni yalivyofika kwa upepo wa kaskazi, yamesheheni makanda ya tende. Basi tangu utoto nilidhani kwamba naijua tende vilivyo. Mti wenyewe, na maji yanayounywesha, sikuyajua hata kidogo, mpaka nilipokwenda kwa miguu katika milima ya Oman mwezi wa Aprili mwaka 2012.

Nilifuatana na binamu yangu, aliyezaliwa Muscat. Motokaa ilituacha saa moja ya asubuhi mahali paitwapo Sharaf al-Alamayn, juu ya mgongo wa mlima, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo njia ya miguu huteremka hadi kijiji cha Misfat al-Abriyyin. Ukisikia neno jangwa, labda wawaza mchanga mtupu, vilima kwa vilima, kama katika picha za vitabuni. Jangwa hili ni mawe. Ni mawe ya rangi ya majivu, yenye makali ya kukata ngozi ya kiatu, na hapa na pale kijiti cha miiba kilichong'ang'ania ufa wa jabali. Hata njia haifanani na njia. Utaijua kwa alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa juu ya mawe, na ukienda kitambo bila kuiona alama nyingine, yakupasa kurudi nyuma. Sisi tulirudi nyuma mara mbili, ingawa binamu yangu atakuambia kuwa ni mara moja.

Ilipofika saa nne, jua lilikuwa likituchoma kutoka juu, na mawe yakituchoma kutoka chini. Maji yangu niliyamaliza kwa pupa kabla hatujafika nusu ya safari, na kiburi kikanizuia kumwomba mwenzangu yake. Ulimi ukawa mzito kinywani. Ndipo tulipozunguka pembe ya jabali, nikaona chini yetu kitu nilichodhani ni kivuli, kimebanwa katikati ya kuta mbili za mawe. Nilipokaza macho nikatambua kuwa ni mitende.

Hatua moja uko tanurini. Hatua ya pili uko chini ya dari ya makuti, na jasho lakupoa mgongoni. Chini ya mitende ile mlikuwa na migomba, milimau, mikomamanga, na majani ya kulishia mbuzi, vyote vimepandwa juu ya ngazi za udongo zilizozuiwa kwa kuta za mawe. Katikati yake ulipita mfereji mwembamba, ambao mtoto angeweza kuuruka, na maji yakienda mbio bila kelele. Watu wa Oman huuita mfereji wa namna hii falaji. Maji hutolewa katika chemchemi au chini ya ardhi, yakaletwa mashambani kwa mteremko peke yake, pasipo pampu wala mashine, pengine mwendo wa kilomita nyingi. Mifereji ipatayo 3,000 ingali ikitumika nchini humo, na mwaka 2006 mitano iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini siku ile sikuwa na habari za orodha yoyote. Nilijitupa chini nikanywa kama punda.

Binamu yangu akatangulia kijijini kutafuta chakula. Mimi nikabaki. Ubavuni mwa mfereji niliona tundu lililozibwa kwa jiwe bapa, nalo jiwe limezungushiwa kitambaa kikuukuu. Upande wa pili palikuwa na kijishamba kikavu, chenye shimo kuzunguka shina la mtende. Nikawaza: nikiliondoa jiwe hili, shimo litajaa, nami nitaloweka miguu yangu iliyovimba. Nikaliondoa. Maji yakaingia. Nikaegemea mtende, na usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na sauti ya mtu akisema Kiarabu kwa haraka. Alikuwa mzee aliyekunja kanzu yake mpaka magotini, na jembe begani. Hakunitazama. Aliinama, akalirudisha jiwe mahali pake, akakishindilia kitambaa kwa vidole hata lisipite tone.

"Masikini, nimefanya nini?" nikajisemea kwa sauti.

Mzee akageuka. "Wewe ni mtu wa wapi?" akauliza kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ni mtu wa Lamu."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja. Baadaye aliniambia kwamba alizaliwa huko, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964, naye ni kijana wa miaka kumi na minne. "Ulikuwa na kiu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ungekunywa. Ungekunywa mpaka kesho, na hakuna ambaye angekuuliza. Maji ya kinywa hayana mwenyewe hapa. Lakini jiwe, mwanangu! Jiwe ulilifungulia nini?"

Akaketi akanieleza. Maji ya falaji hayagawiwi kwa ndoo, bali kwa muda. Fungu moja la muda, yapata nusu saa, huitwa athari, na ni neno lilelile tulitumialo sisi kwa alama ambayo jambo huiacha nyuma yake. Zamani mafungu hayo yalipimwa kwa kivuli cha mchana na kwa nyota za usiku. Yeye alikuwa na saa mkononi. Athari yake ilikuwa imeanza saa sita kamili. Alikuwa amesimama shambani kwake chini, akitazama maji yakipungua, akidhani mfereji umebomoka. Zamu nyingine ilikuwa baada ya siku nane.

Nikatia mkono mfukoni. Aliuona mkono ule, akatikisa kichwa.

"Nitayanunua kwa nani sasa?" akasema. "Saa hii ina mwenyewe. Jirani, ambaye shamba lake limekunywa, huenda akanirudishia kidogo katika zamu yake. Asipotaka sitamlaumu, maana si yeye aliyefungua."

Alinichukua kwenda kuitazama mitende yake. Ilikuwa kumi na mmoja. Katika saba udongo ulikuwa mweusi kwa maji. Katika minne ya mwisho ulikuwa mweupe, umepasukapasuka, na juu yake vilining'inia vishada vya tende changa, ndogo, za kijani, ambazo mwezi uliopita alizipandishia chavua kwa mkono wake, akipanda mti mmoja baada ya mwingine kwa kamba. Nilisimama pale nisijue pa kuyaweka macho yangu. Miguu yangu ilikuwa ingali na unyevu.

Mzee akajitwika jembe lake. Tulipokuwa tukipanda ngazi za mawe kuelekea kijijini akasita.

"Sasa huko ni masika?"

"Ndiyo, Mzee. Ni masika."

"Na mvua inanyesha tu," akasema, "popote, hata baharini?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, hata baharini.