Madoa Tisa

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Rangi ndizo zinazonilisha. Asubuhi moja nilifumba jicho la kulia, nikaona uzi mwekundu umepauka kama uliofuliwa mara mia. La kushoto liliuma kila nilipoligeuza. Wiki tatu baadaye likapona, nikamshukuru Mungu, nikarudi kazini.

Mwezi wa nane tangu hapo, ganzi ikapanda kutoka nyayo hadi kiunoni. Zahanati moja iliniambia ni mawazo. Jirani akasema nimetupiwa jini, na Mama akanipeleka kwa kila aliyetajwa. Simlaumu, kwetu ugonjwa wangu, maltipo sklerosisi, ni nadra, wengi hawajapata kulisikia hilo jina.

Nairobi, daktari wa mishipa ya fahamu alinichoma sindano mgongoni, akachota maji ya uti. Yalikutwa na michirizi ya kingamwili ambayo damu yangu haikuwa nayo: kinga ilikuwa inapigana humo humo ndani, ikiula utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva. Kisha akanionyesha picha za MRI. Mimi nilikuwa nimeugua mara mbili. Ubongo ulikuwa na madoa tisa. Mawili yaling'aa kwa dawa ya picha niliyodungwa mshipani, ishara kwamba uvimbe wake ulikuwa mbichi, nami nimekaa pale kitini sisikii chochote!

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Uvimbe ukitulia huacha kovu, na uzi wa neva uliokatika ubongoni hauoti tena.

Nilitundikiwa dawa ya kutuliza uvimbe, methiliprednisoloni, gramu 1 kwa siku, siku 5. Miguu ikarudi. Baadaye rituksimabu, kila miezi sita, dawa ambayo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwa ugonjwa huu katika orodha ya dawa muhimu. Nimeuza cherehani moja, nimepokea chama mara mbili. Watu huuliza, "Mbona u mzima, pesa zote hizo za nini?" Ni za yale madoa nisiyoyasikia.

Kaskazi ikipamba moto jicho hufifia tena. Mwanzoni nililia, siku hizi naloweka leso, najifunga shingoni, na saa haipiti linarudi. Joto hupunguza tu mwendo wa ujumbe kwenye neva zilizovuliwa utando.

Picha za Machi hazikuwa na doa jipya. Mama, asiyejua kusoma, alizinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuyahesabu yale ya zamani kwa kidole, moja moja, mpaka tisa.